Mkono wa Profesa

Jumatatu, 4 Machi

Profesa wangu amepata kazi kwenye meli za mafuta, mdogo wangu, na si kazi ya kubeba, ni kazi ya kuelekeza. Hujambo lakini? Watoto hawajambo? Nisamehe kwa kuanza na habari kabla ya salamu, imenikaa kooni tangu Ijumaa. Na usiniulize kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanikatiza. Kwenye barua itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Meli zimekuja saba. Mbele zimeinuka kama nyumba ya ghorofa, nyuma ni tambarare kama kitanda kisichotandikwa, maana huko nyuma ndiko wanakopanga mabomba na matangi. Kazi ya meli hizo ni kupeleka vitu kwenye mtambo wa kuchimba, ambao wenyewe umesimama nje ya bandari kwa miguu yake minne, mrefu kuliko chochote tulichowahi kujenga hapa. Unaonekana kutoka dirisha la jikoni kwangu. Nimeondoa pazia.

Mtaa umebadilika. Jirani wa mbele amempangisha mpishi wa meli kile chumba alichokuwa anawekea mkaa, na amepaka rangi nyeupe juu ya vumbi la mkaa lenyewe. Mpishi akiegemea ukuta anatoka na mgongo wa pundamilia.

Aliyetufungulia mlango ni Baba Pacha, unamjua, tunayepakana naye ukuta mmoja, dereva wa kreni pale gatini. Yeye anakaa juu kwenye kibanda chake, na mzigo ukishuka kwenye sitaha ya meli hauoni tena. Anaona mkono tu. Mtu wa mkono anasimama ukingoni mwa gati, anaona juu na anaona chini, na anachoagiza mkono wake ndicho kreni inachofanya. Baba Pacha alimwambia bosi wake anataka kijana mwenye kichwa kilichotulia, na kwamba anamjua mmoja. Umesikia? Kichwa kilichotulia.

Amemfundisha sebuleni kwangu wiki mbili. Kidole kikielekea chini na kuzunguka, kama mtu anayekoroga chai, maana yake shusha. Mkono ukinyooshwa na kiganja kikipita huku na huku, kama mtu anayefuta meza, maana yake simama. Hata mimi nimejifunza. Juzi Baba Pacha amesimama mlangoni anajidai ana haraka, nikamkorogea, akakaa.

Palikuwa na fomu ya afya, kurasa nne. Tuliijaza pamoja mezani, mimi nasoma, yeye anaandika. Tulipofika kwenye magonjwa nikamwambia weka hapana, hapana, hapana, mpaka chini, tusiwachoshe watu. Daktari wao akampima macho na masikio na presha, akasema kijana huyu ana macho ya mwewe. Nikamwambia amechukua kwetu.

Wasalimie wote wodini kwako, na uwaambie kazi ya mwanangu ni nini. Usiseme tu yuko bandarini. Bandarini wako wengi.

Dada yako,
Mama Profesa


Ijumaa, 15 Machi

Dada yangu, shikamoo.

Barua imefika na nimeisoma wodini kwa sauti kama ulivyotaka, mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akauliza kama huyo kijana ameshaoa. Hongera sana, dada. Umemlea peke yako, una haki ya kuringa.

Sasa nitasema neno moja na utanikasirikia. Bado anaondoka?

Alipokaa kwangu miaka ile miwili, darasa la tatu na la nne, nilimwona sana. Kijiko kinasimama njiani kwenda mdomoni, macho yako wazi, mwenyewe hayupo. Halafu anarudi na kuendelea kula, na ukimuuliza anakwambia hakwenda popote. Wala hadanganyi, hajui kama aliondoka. Ndipo nilipompeleka kwa daktari wetu. Aliandika kwenye daftari la kliniki kwamba ni kifafa, ile aina isiyomwangusha mtu, akampa vidonge vya kunywa kila siku. Nilikupa vidonge ulipokuja kumchukua. Mwaka uliofuata nikavikuta juu ya kabati lako, ukasema vinamlaza darasani, ameshuka kutoka wa kwanza hadi wa sita.

Mimi ni mhudumu tu, nafuta sakafu na kubadilisha mashuka, lakini nimekaa wodini miaka kumi na tisa. Mtu wa namna hiyo wanamkataza hata kupanda ngazi. Wewe umeniandikia kwamba kreni nzima inafuata mkono wake.

Ile fomu ya kurasa nne haikuuliza hilo?

Mdogo wako


Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara moja na sitairudia.

Mwanangu haumwi. Mwanangu anawaza. Unajua jina la Profesa alilipata wapi? Mwalimu alimwita mara tatu hakuitika, akasema mwacheni, profesa yuko mbali. Darasa zima likacheka. Alikuja nyumbani analia, nikamwambia hilo ni jina la heshima, nikaanza kumwita mimi mwenyewe mpaka mtaa ukafuata, na leo hakuna anayecheka. Sasa wewe unataka kuniletea jina lako la kwenye daftari.

Vile vidonge ulivyompa vilikuwa vinanirudishia mtoto mwingine, mzito, anayelalia madaftari. Mimi sikuvuka darasa la saba. Nilipoona mtoto wangu anashika namba ya kwanza, halafu kidonge kinamwondoa hapo, ulitaka nifanye nini?

Jumapili alikuwa ananimiminia maji, glasi ikajaa, ikamwagika, maji yakanifika mapajani. Nikamwuliza, Profesa, unawaza gatini? Akacheka, akaenda kuchukua kitambaa. Nalo hilo likaandikwe daftarini?

Nikupe habari za maana. Sasa ana ovaroli ya rangi ya chungwa yenye mistari inayong'aa. Fundi wa kuzishona ni mama mmoja wa mtaa wa pili, mama yake Mpole. Huyo Mpole ndiye anayefanya kazi chini kwenye sitaha, mzigo ukitua anafungua minyororo. Wanakula pamoja mchana, yeye na Profesa, na kijana kweli ni mpole, akija hapa anavua viatu tangu getini. Nilimwambia mama yake ambane Profesa kidogo kiunoni, akasema dada, hii ni nguo ya kazi siyo ya harusi. Nikamwambia kwa mwanangu ni vyote viwili. Alicheka mpaka sindano ikamdondoka mdomoni.

Usiniandikie tena habari za kuondoka. Mtu asiyejua akisoma atafikiri familia ina kasoro.

Dada yako,
Mama Profesa


Jumapili, 21 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Najua mama hatakuandikia, kwa hiyo nakuandikia mimi. Mpole amekufa. Alhamisi asubuhi, kwenye sitaha ya meli tuliyokuwa tunaipakia, chini ya mabomba niliyokuwa naelekeza mimi.

Nakuandikia yaliyotokea kama nilivyomwandikia mkaguzi wa ajali. Mabomba yalikuwa yanashuka vizuri. Mpole alikuwa bado hajatoka, alikuwa ameinama anavuta mnyororo uliobanwa chini ya gogo la kulalia mabomba. Nilimwona. Nikanyoosha mkono, nikatoa ishara ya kusimama. Nakumbuka jua lilikuwa linanipiga shavu la kushoto. Kinachofuata nakumbuka ni watu kupiga kelele, na mabomba yako chini.

Kati ya hapo na hapo hakuna kitu. Mkaguzi anasema ni mshtuko, watu wengi huwa hivyo.

Kwa hiyo Baba Pacha alishusha wakati mimi nimesimamisha. Sikutaka kusema hivyo, Mama mdogo. Ndiye aliyenifundisha. Lakini waliniuliza ulitoa ishara gani, na mimi sijui kusema uongo, nikasema niliyotoa. Yeye anasema alikuwa anafuata mkono wangu na mkono ulikuwa unashusha. Wa tatu aliyekuwa anaona ni Mpole. Polisi wamemchukua Baba Pacha jana. Alipopita mbele yangu hakunitukana. Alinitazama tu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

Kampuni imeniambia nisiwe na wasiwasi. Mtambo unahamia maji ya mbali mwisho wa mwezi wa tano na wananitaka nikaelekeze kreni huko, baada ya shauri. Mama hajasema hongera. Amerudisha pazia la jikoni.

Wako,
Profesa


Jumanne, 23 Aprili

Mdogo wangu,

Najua Profesa amekuandikia, niliona bahasha.

Lile daftari la kliniki kama bado unalo, lichome. Usinijibu kwa maneno mengi. Lichome tu, na usimwambie mtu yeyote.

Dada


Jumatano, 1 Mei

Dada, shikamoo.

Nimelichoma. Nililitoa chini ya sanduku, nikalikalisha magotini asubuhi nzima, halafu nikalitia kwenye jiko. Jalada lilichelewa kushika. Hakuna nakala, usihangaike. Daktari yule alishahama, na mafaili ya miaka ile yaliozea kwenye boksi paa lilipovuja.

Tangu tukiwa wadogo ukiniambia kaa nakaa. Ulipoviacha vidonge juu ya kabati niliona, nikanyamaza, kwa sababu wewe ndiye mama yake na mimi ni mama mdogo. Ungekuwa umeniambia nikatae labda ningekataa.

Lakini nilisoma barua ya mtoto, dada. Anasema kati ya hapo na hapo hakuna kitu. Hayo ni maneno yaleyale aliyokuwa ananiambia kwenye meza yangu akiwa na miaka tisa, kijiko mkononi. Wewe umemsikia vilevile, ndiyo maana umetaka daftari lichomwe. Usingeliogopa kama si kweli.

Mtu yuko ndani kwa ajili ya mkono ambao haukuwa na mwenyewe.

Sijui nimalizie vipi barua hii. Kazini nimesema naumwa, na kweli naumwa.

Mdogo wako


Jumatatu, 20 Mei

Mdogo wangu,

Nimekawia kukujibu, na hii barua nimeianza mara nne.

Nilikwenda msibani kwa Mpole. Niliahirisha siku tatu, nikasema kichwa, nikasema mvua, mwisho nikaona nisipokwenda watu watauliza. Cherehani imefunikwa shuka. Pembeni pana ovaroli mbili hazijaisha, moja ina mguu mmoja. Mama yake aliponiona alinisogezea nafasi kwenye mkeka, karibu kabisa naye, akanishika mkono. Akaniambia, "Pole na wewe. Mimi wangu wameniletea amefunikwa. Wako aliona kwa macho yake."

Nikasema asante. Ndilo neno lililotoka.

Tulikaa hivyo, ameushika mkono wangu. Kila mgeni akiingia anamwambia huyu ni mama yake Profesa, walikuwa wanakula pamoja. Unanijua mimi, napenda kutambulishwa. Siku ile nilitamani sakafu ifunguke.

Nyumbani ni hivyohivyo. Ukuta ni ule mmoja. Nasikia mapacha wanauliza baba anarudi lini. Tangu siku ile hajaniomba hata kiberiti. Tukikutana bombani ananipisha nichote kwanza, kama mgeni.

Bado nilikuwa nataka kunyamaza, nisikudanganye. Nilijiambia Baba Pacha atapata wakili, kampuni ni kubwa, watu wa kreni wana chama. Nilijiambia huenda kweli alishusha mwenyewe, labda alikuwa amechoka. Nilimtengenezea makosa yule mtu mpaka nikaanza kumkasirikia kwa makosa niliyomtengenezea mimi.

Halafu Jumamosi ya tarehe kumi na moja, mchana, Profesa alikuwa anajiandaa kwa maswali ya shauri. Alisimama sebuleni akaniambia, mama, nitawaonyesha hivi. Akanyoosha mkono, kiganja chini, akafuta meza mara mbili. Vizuri kabisa, hata mimi ningesimama. Kisha mkono ukashuka wenyewe, taratibu, kidole kikaelekea chini, kikaanza kukoroga. Nikamtazama usoni. Macho yako wazi. Hayupo. Nilihesabu mpaka kumi na moja, na muda wote huo kidole kinakoroga. Kisha akarudi, akaniambia, "Umeona? Ndivyo nilivyosimamisha."

Hajui, mdogo wangu. Anasema ukweli wake wote na hajui.

Nilikaa chini nikamwambia. Sikumficha kitu, nikamwambia daftari, vidonge, fomu, na kwamba ni mimi niliyesoma na yeye akaandika hapana. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza tu jina la ugonjwa, nikalitaja, mara ya kwanza maishani mwangu kulitaja. Akaniambia, "Watu wote nimewaomba waniamini. Wewe peke yako sikukuomba." Akachukua shati lake akatoka. Sasa analala kwa rafiki zake wa gatini. Kwao amesema mama amechanganyikiwa na msiba, anamwonea huruma jirani, na wao wanamwambia avumilie, mama ni mama.

Jumatatu iliyofuata nikaenda kwa mkaguzi. Nilivaa vizuri, nikajieleza tangu darasa la tatu. Alinisikiliza huku kalamu iko mezani. Akaniuliza karatasi. Nikasema palikuwa na daftari, limechomwa. Akauliza nani amechoma. Nikasema mimi, kwa mikono ya mdogo wangu. Akaniuliza daktari yuko wapi, mafaili yako wapi, nikamjibu kama ulivyoniandikia, na nilijisikia mwenyewe ninavyosikika.

Akafungua jalada, akanionyesha ile fomu. Hapana, hapana, hapana mpaka chini, kwa mwandiko wa Profesa, na sahihi ya daktari wa kampuni. Akasema, "Mama, niliuliza habari zako mtaani. Wanasema wewe hata ukikohoa unaringia kikohozi. Miezi miwili yote uliwaambia mwanao ana kichwa kilichotulia kuliko wote bandarini. Leo nikuamini lipi?"

Ni kweli niliwaambia. Niliwaambia dukani, bombani, kwa fundi, niliwaambia hata watu wa meli wasioelewa lugha yetu. Hakuna mtu mtaa huu ambaye sikumtangazia kichwa cha mwanangu, na sasa wote ni mashahidi dhidi yangu, nami ndiye niliyewaita mmojammoja.

Mkaguzi si mtu mbaya. Alinisindikiza mpaka mlangoni. Akasema neno la mama peke yake, tena mama anayepingwa na mtoto wake mwenyewe, hawezi kuliweka mbele ya shauri. Kama yupo mwingine aliyemwona mtoto akiwa hivyo, aje asimame aseme kwa mdomo wake. Nikamwambia yupo mmoja.

Najua ninachokuomba. Watakuuliza nani alichoma, na utasema wewe. Watakuuliza unafanya kazi wapi, na ukitaja wodi sijui wakubwa wako watasemaje kuhusu mhudumu anayechoma daftari la mgonjwa. Na Profesa atakutazama kama alivyonitazama mimi. Ulimlea miaka miwili, itakuuma. Safari hii sikuamrishi. Ukiona huwezi, kaa nyumbani, nitasimama peke yangu niseme hivyohivyo, wacheke.

Lakini mtambo umeshaanza kukunja miguu. Meli tatu zimepakia tayari, nimeziona leo, zimejaa mabomba mpaka ukingoni. Alhamisi alfajiri, siku moja baada ya shauri, wanamchukua Profesa, huko watu wa sitaha watakuwa kumi chini ya mkono wake, na kila mmoja ana mama yake. Sijui itakuwa siku gani. Asubuhi moja tu, jua likimpiga shavu.

Shauri liko ukumbi wa juu wa ofisi ya bandari, ngazi za upande wa maegesho, saa tatu. Mama yake Mpole atakaa mbele, ameniomba nikae naye na nimekubali, kwa hiyo nitakapoinuka kusema nitakuwa nimetoka ubavuni mwake. Mke wa Baba Pacha atakuja na mapacha. Baba Pacha watamleta. Profesa atakuwapo. Mtaa mzima umesema unakuja.

Basi linalotoka kwenu Jumanne asubuhi linafika hapa jioni. Sote tunakuja Jumatano, mdogo wangu, tarehe ishirini na tisa.

Dada yako